Somo: Tuchague Vipi Chujio la Maji ya Kunywa?



Mfanyakazi akiugua tumbo hapotezi afya peke yake. Kibarua anayelipwa kwa siku hukosa ujira wa siku ile. Fedha aliyoiweka kwa karo ya mtoto hununulia dawa. Akilala wiki nzima, huenda akarudi na kukuta nafasi yake amepewa mwingine. Mnyapara hatauliza kama maji aliyokunywa yalikuwa safi. Atauliza tu kwa nini hakufika kazini.

Kwa hiyo somo letu la safari hii linahusu jambo linaloonekana dogo lakini lina uzito: chujio la maji ya kunywa. Linawahusu wenzetu wa viwandani na maghalani hapa Arua, wa mashambani kuelekea Koboko, na pia ndugu wa West Nile waliokwenda mbali kukata miwa Kakira, Lugazi na Kinyara, kama walivyokwenda wazee wao. Machujio ni ya namna nyingi. Lipo la udongo, la mchanga, la mkaa, na yako ya plastiki yanayong'aa. Kila muuzaji atakuambia lake ndilo bora.

Sisi tunasema hivi: chujio halichaguliwi kwa bei wala kwa kung'aa. Huchaguliwa kwa kujibu maswali matatu. Maji yetu yana nini? Sisi tunaokunywa ni wangapi? Nani atalitunza? Tawi likijibu maswali haya vizuri, halitadanganywa na mtu.

1. FUNZO LA MIJI MIWILI

Kabla ya kuyajibu maswali hayo, twende kwanza mbali kidogo, Ujerumani, maana huko chujio lilipimwa kwa maisha ya watu.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, mji mkubwa wa bandari. Katika muda wa miezi michache kiliua watu zaidi ya 8,000. Ubavuni mwake palikuwa na mji mwingine, Altona. Miji yote miwili ilikunywa maji ya mto mmoja, Elbe. Tena Altona ilichota upande wa chini, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia mtoni. Kwa hesabu ya kawaida, watu wa Altona ndio wangekufa kwa wingi zaidi. Haikuwa hivyo. Altona walikuwa wakipitisha maji yao katika matangi makubwa ya mchanga kabla ya kuyapeleka kwenye mabomba. Hamburg walikuwa bado hawajamaliza kujenga matangi yao.

Mtaalamu Robert Koch alichunguza mpaka wa miji hiyo nyumba kwa nyumba. Alikuta kipindupindu kimeshika upande mmoja wa barabara, na upande wa pili watu ni wazima. Jambo la kutupendeza sisi wafanyakazi ni hili: palikuwa na nyumba za wafanyakazi zilizokuwa ndani ya Hamburg, lakini bomba lao lilitoka Altona. Majirani wao waliuguliwa, wao hawakupata hata mgonjwa mmoja. Hawakuwa matajiri. Hawakuwa na madaktari wa peke yao. Walikuwa na maji yaliyopita mchangani.

Lakini funzo lina upande wa pili. Mwezi wa Januari 1893, wakati wa baridi kali, ugonjwa ulijitokeza Altona pia. Koch alipochunguza aligundua kwamba tangi moja lilikuwa limesafishwa wakati wa barafu, mchanga wake ukaganda, na maji yakawa yanapita bila kuchujwa sawasawa. Mchanga ulikuwa ule ule na mto ule ule, ila matunzo ndiyo yalikosekana. Tuliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

2. CHUJIO HUFANYA KAZI GANI?

Chujio lina kazi tatu, na si kila chujio hufanya zote.

Kazi ya kwanza ni kuzuia. Tope, majani na takataka hukwama, maji hupita. Kitambaa hufanya hivi, na mchanga pia.

Kazi ya pili ni ya viumbe hai. Maji yakipita juu ya mchanga siku baada ya siku, juu ya mchanga ule huota utando laini. Ndani ya utando huo mna viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho, ambao huwakamata na kuwala vijidudu vya maradhi. Utando huu ndio uliowaokoa watu wa Altona. Wafugaji wa samaki wanaowaweka katika matangi hutegemea kanuni hiyo hiyo: viumbe wanaoishi kwenye mchanga na mawe ndio wanaogeuza sumu itokanayo na kinyesi cha samaki, na tangi jipya husubiriwa wiki kadhaa kabla ya kujazwa samaki. Chujio la namna hii ni kama shamba: hupandwa, hunyweshwa, hungojewa.

Kazi ya tatu ni kunyonya. Mkaa uliotengenezwa maalumu hunyonya harufu, ladha na baadhi ya kemikali. Lakini mkaa ukishajaa haunyonyi tena, wala hautakuambia kwamba umejaa. Na mkaa peke yake hauui vijidudu.

3. SWALI LA KWANZA: MAJI YETU YANA NINI?

Hapa kwetu maji hayatoki mahali pamoja. Kwa miaka mingi mji wa Arua umepata maji yake ya bomba kutoka Mto Enyau, yakasafishwa mitamboni. Nje ya mji, na katika sehemu nyingi za Koboko, watu hutegemea visima vya pampu, chemchemi, vijito na mvua. Kila maji yana tabia yake.

Maji ya mto na kijito huwa na tope wakati wa mvua, na vijidudu wakati wote. Maji ya kisima cha pampu kilichochimbwa na kutunzwa vizuri mara nyingi hayana vijidudu yanapotoka ardhini, ila huchafuka njiani, katika jerikeni chafu na mikono isiyonawa. Visima vingine hutoa maji yenye chuma: yakikaa hugeuka rangi ya kutu, na nguo hupata madoa. Maji ya mvua ni mazuri, lakini paa lina vumbi na kinyesi cha ndege, basi maji ya kwanza yaachwe yamwagike.

Kipimo cha tope ni rahisi. Jaza maji katika chupa nyeupe ya lita mbili. Iweke juu ya gazeti lako hili, mahali penye herufi kubwa, uchungulie kutoka juu. Ukiweza kuziona herufi, maji yanafaa kuingia kwenye chujio. Usipoziona, yaache yatulie usiku kucha, kisha uyamwage polepole kupitia kitambaa safi. Watu wengine hutumia shabu. Wanawake wa Sudan, kando ya Nile, tangu zamani wametumia mbegu za mlonge zilizopondwa kutuliza tope.

Lakini tuonyane: maji meupe si lazima yawe maji salama. Kijidudu cha kipindupindu na cha homa ya matumbo hakionekani katika glasi.

Liko jambo jingine linalowahusu hasa wenzetu wa mashamba ya tumbaku, pamba na miwa: dawa za kunyunyizia. Chujio la mchanga na la udongo hayakuundwa kuondoa sumu hizo. Mkaa maalumu huweza kuzinyonya kwa sehemu, lakini hakuna mfanyakazi anayeweza kujua kwa macho ni lini umeshiba. Dawa pekee ya sumu hii ni kuizuia isifike majini. Bomba la kunyunyizia lisioshwe kijitoni. Kopo lililokuwa na dawa lisichotewe maji hata likioshwa mara kumi. Litobolewe ili lisitumike tena. Mahali ambapo maji yanashukiwa kuwa na sumu, msitafute chujio. Tafuteni maji mengine.

4. MACHUJIO YENYEWE

Kitambaa. Ni cha bei ndogo kuliko vyote. Huko Bangladesh wanawake walifundishwa kuchuja maji kwa vazi kuukuu la sari lililokunjwa mara kadhaa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu, kwa kuwa kijidudu chake hupenda kujishika kwenye viumbe wadogo wa majini ambao kitambaa huwazuia. Nusu ni kitu kikubwa kwa mtu asiye na kingine. Lakini nusu si yote. Kitambaa ni mwanzo wa kazi.

Chungu cha udongo. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na unga wa mbao au makapi ya mpunga, hufinyangwa na kuchomwa. Unga ule huungua, ukaacha vitundu vidogo sana ambamo maji hupenya na vijidudu hukwama. Mara nyingi hupakwa madini ya fedha yanayosaidia kuua vijidudu. Chungu cha namna hii kilibuniwa Guatemala mwaka 1981 na Fernando Mazariegos, kikaenea nchi nyingi. Hutoa kama lita mbili kwa saa. Ni chepesi, kinafaa chumba cha familia. Udhaifu wake: huvunjika, na kikipata ufa hata mwembamba hakifai tena.

Chujio la mchanga la nyumbani. Hili ni sanduku la zege au plastiki lenye urefu wa karibu kiuno cha mtu, limejazwa kokoto chini na mchanga juu. Ni mtoto wa matangi ya Altona. Dk. David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Canada, ndiye aliyelitengeneza kwa kipimo cha nyumba moja. Siri yake iko kwenye mrija wa kutolea maji: umepandishwa juu ili maji yakiacha kutoka, yabaki kimo cha sentimita tano juu ya mchanga. Kwa hiyo utando wenye uhai haukauki. Fundi wa zege wa hapa hapa aliyefundishwa vipimo anaweza kulijenga. Likitunzwa hudumu miaka mingi, maana hakuna kitu ndani yake cha kununua upya. Udhaifu wake: ni zito, na utando huchukua mpaka siku 30 kukomaa. Katika siku hizo maji yake lazima yachemshwe au yatiwe klorini.

Machujio ya mirija na ya umeme. Yako yenye mirija myembamba kama uzi inayozuia vijidudu vizuri sana, lakini hutaka kusukumwa maji kinyumenyume kila mara ili yasizibe. Yako pia ya kusukuma maji kwa nguvu kupitia ngozi laini ambayo huzuia hata chumvi. Hayo ya mwisho yanahitaji umeme au pampu, na hutupa sehemu kubwa ya maji. Kabla ya kuyanunua ulizeni: kipuri kikiharibika kinapatikana Arua, au mpaka Kampala? Umeme ukikatika, tutakunywa nini?

5. SWALI LA PILI: SISI NI WANGAPI?

Hapa wengi hukosea, kwa kuwa chujio zuri la familia hununuliwa kwa watu arobaini. Tufanye hesabu pamoja.

Familia ya watu sita. Kila mmoja lita 3 za kunywa, jumla lita 18. Chungu kimoja kikitoa lita 2 kwa saa, kwa saa 10 ni lita 20. Kinatosha.

Kundi la wafanyakazi 40 shambani. Mtu anayefanya kazi ngumu juani huhitaji maji mengi kuliko mtu wa ofisini. Tuweke lita 5 kwa siku ya kazi. Jumla ni lita 200. Chujio la mchanga la nyumbani hupokea lita 12 kwa mara moja, na baada ya hapo linataka kupumzika angalau saa nzima ili utando ufanye kazi yake. Likijazwa mara nne kwa siku ni lita 48. Basi kundi hili linahitaji machujio 5. Kwa vyungu vya udongo lingehitaji 10. Mwajiri akileta kimoja, amewapa picha ya chujio, hakuwapa maji.

Kambi ya watu 300. Tuweke lita 15 kwa kila mtu, za kunywa, kupikia na kunawa. Jumla ni lita 4,500. Hapa machujio ya nyumbani hayafai tena. Hapa hujengwa tangi la mchanga la kambi, kama la Altona. Kwa mwendo wa taratibu, mita moja ya mraba ya mchanga hupitisha kama lita 100 kwa saa, yaani lita 2,400 usiku na mchana. Mita 2 za mraba zitatoa lita 4,800. Lakini yajengwe matangi mawili ya kipimo hicho, ili moja likisafishwa jingine liendelee. Mkitazama vizuri mtaona kwamba eneo la mchanga la kila tangi ni karibu sawa na kitanda. Kwa mwenye shamba kubwa gharama hiyo si mzigo.

6. SWALI LA TATU: NANI ATALITUNZA?

Sasa turudi kwenye Januari ile ya Altona. Chujio lisilotunzwa ni baya kuliko kukosa chujio, kwa sababu humfanya mtu aamini maji yasiyoaminika. Sheria za kutunza ni hizi:

(a) Chujio la mchanga litumike kila siku. Likiachwa zaidi ya siku mbili, viumbe wa utando hufa kwa njaa.

(b) Maji yamwagwe polepole juu ya sahani ya kutawanyia, yasichimbe mchanga.

(c) Mwendo wa maji ukipungua sana, mchanga usitolewe na kuoshwa wote. Koroga kidogo tu maji yaliyo juu yake kwa kiganja safi, uyateke yale machafu, ujaze upya. Anayeosha mchanga wote huua utando, na huanza upya kungoja siku 30.

(d) Mchanga wa kwanza usichotwe mtoni. Utakuwa umejaa uchafu. Ulio bora hutoka mahali wanapoponda mawe. Huchekechwa na kuoshwa.

(e) Chungu cha udongo kisuguliwe kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni.

(f) Maji yaliyochujwa yaingie katika chombo chenye mfuniko na koki. Mtu akitumbukiza kikombe, kazi yote imeharibika.

(g) Wakati wa mlipuko wa kipindupindu, msitegemee chujio peke yake. Tieni klorini kwa kipimo, au chemsheni. Arua na Koboko ziko chini ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo dakika moja ya kutokota kwa nguvu inatosha.

Kila penye chujio pawe na watu wawili waliochaguliwa, mwanamume na mwanamke, na majina yao yaandikwe ukutani. Kazi ya kila mtu haina mwenyewe. Na kwa kuwa ni kazi, ifanywe ndani ya saa za kazi, siyo baada ya filimbi ya jioni.

7. HAKI YETU

Wengine husema: kila mtu aje na chupa yake kutoka nyumbani. Tunapinga. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maji safi ya kunywa ya kutosha. Na Shirika la Kazi la Kimataifa, katika Pendekezo lake Na. 115 la mwaka 1961 juu ya nyumba za wafanyakazi, limetaja maji salama kuwa sehemu ya nyumba ifaayo. Basi tunapodai chujio hatuombi fadhila.

Lakini tusiende kwa meneja mikono mitupu. Mwakilishi wa chama aende na karatasi moja yenye mambo manne: maji yetu yanatoka wapi na yana nini; sisi ni wangapi na tunahitaji lita ngapi; chujio gani linafaa na ni mangapi; na nani watalitunza, kwa saa ngapi za kazi. Ombi lenye hesabu ni gumu kulikataa. Aongeze hesabu moja zaidi: ni siku ngapi za kazi zilipotea mwaka uliopita kwa maradhi ya tumbo. Hesabu hiyo meneja ataielewa bila mkalimani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO WA TAWI

1. Maji tunayokunywa kazini yanatoka wapi? Nani aliyeyapima, na lini?
2. Tupige hesabu: sisi ni wangapi kwa zamu moja, na lita ngapi zinatutosha?
3. Kama tayari tuna chujio, nani analitunza? Mara ya mwisho lilisafishwa lini, na kwa njia gani?
4. Makopo ya dawa za shambani huenda wapi yakishaisha?
5. Katika wenzetu, nani anajua kazi ya zege, na nani anajua kufinyanga?

Majibu yaandikwe na katibu wa tawi, yasomwe katika mkutano ujao kabla ya ajenda nyingine yoyote.

Umoja ni nguvu.